Gari ya zamani inachemsha: uanze na kepu, thamostati, feni, rejeta, pampu ama gasketi?

Kama uko na gari ya zamani, Corolla 100 ama 110, Nissan B14, Subaru ya miaka ya 90 ama ile Peugeot 504 ya mzee ambayo hakuna mtu nyumbani anakubali iuzwe, na sindano ya temprecha imeanza kupanda ukipita Salgaa, njia ya Nakuru kwenda Eldoret, basi ushauri ushapewa wa kutosha. Mwenye duka la spea anakwambia nunua rejeta. Fundi wa kwanza anasema tutoe thamostati (kile kivalvu kinachofungulia maji yaende kwa rejeta injini ikipata joto), hiyo kitu ni ya nchi za baridi. Fundi wa pili anasikiliza injini kidogo, anatingisha kichwa, anasema hedi gasketi (ile ya kuziba kati ya hedi na bloku ya injini) imeenda, tafuta pesa. Na jirani anakwambia ongeza maji tu uendelee na safari.

Shida ni kwamba yeyote kati ya hao anaeza kuwa amesema ukweli. Hivyo vitu vyote huchemsha gari. Lakini havichemshi kwa njia moja wala wakati mmoja, na hapo ndio unaeza kuvitenganisha kabla hujanunua hata spea moja. Gari nyingi za zamani zimemaliza pesa za watu kwa sababu vitu vilibadilishwa kwa kubahatisha, kimoja baada ya kingine, na kile kilichokuwa kinasumbua kikabaki pale pale.

Tutalinganisha kwa maswali gani

Kila mshukiwa nitamuuliza maswali yaleyale: gari inachemka lini, unapima aje bila kufungua injini, ukikosea unapoteza nini, na ni nani anafaa kuanzia hapo.

Swali la "lini" ndio kubwa kuliko yote. Gari ikienda 80 kwa barabara tambarare, upepo wenyewe unapita kwa rejeta na feni haina kazi kubwa. Ikisimama kwa jam ya Kondele, Kisumu, saa nane mchana, upepo hakuna, feni ndio kila kitu. Ikipanda mlima na mzigo, kama kutoka Mamboleo ukienda Riat hadi Kiboswa, ama kutoka Ngata mpaka Mau Summit, injini inatoa joto jingi na hapo inataka maji yazunguke kwa wingi na rejeta iwe wazi yote. Kwa hivyo mtu akikwambia tu "gari yangu inachemsha" hajakwambia kitu bado. Muulize ilikuwa imesimama, inatembea, ama inapanda?

Swali la pili linalofuata hilo: maji yanapungua ama hayapungui? Weka alama kwa chupa ya rejeta na peni, gari ikiwa baridi, alafu angalia kila asubuhi kwa wiki moja. Gari inayochemka bila kupoteza maji na gari inayokunywa maji ni wagonjwa wawili tofauti.

Kitu kingine watu wa huku hatufikirii sana ni mwinuko. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji kwa sufuria wazi yanachemka kama digrii 94, si 100. Kisumu ni karibu mita 1,130, yanachemka kama 96. Ukifika Timboroa ushafika karibu mita 2,700 na ni kama digrii 91 tu. Sasa injini yenyewe inafanya kazi kati ya 85 na 95 hivi, kumaanisha bila presha ndani ya rejeta, gari nzima kabisa ingechemka huko juu. Presha hiyo inashikwa na kepu. Kumbuka hilo, tutarudi kwake sasa hivi.

Na usiiamini geji sana. Gari nyingi za miaka ya 90 geji yake imetengenezwa ikae katikati hata joto likipanda na kushuka kidogo, kwa hivyo ukiona sindano imetoka katikati, mambo yashaharibika kitambo. Mbaya zaidi, maji yakiisha kabisa ile sensa inabaki kwa hewa, na sindano inaeza kushuka ghafla kama vile gari imepoa. Haijapoa. Simama hapo hapo.

Ukisimama, zima, fungua boneti na usiguse kepu. Ngoja hata nusu saa ama zaidi, hadi ushike hozi ya juu na iwe laini mkononi. Mvuke wa rejeta umechoma watu uso na kifua, na kumwaga maji baridi kwa injini iliyochemka kunaeza kupasua hedi. Kama huwezi kusimama mara moja kwa usalama, zima AC, washa hita hadi mwisho, fungua madirisha. Hita ni rejeta ndogo na itakusaidia kufika mahali pa kuegesha.

Kepu, hozi na mahali panapovuja

Lini: mlimani na safari ndefu, ama ukizima gari tu chupa inaanza kububujika na kumwaga. Maji yanapungua kidogo kidogo. Kepu iko na kazi mbili: inashikilia presha ndani, na injini ikipoa inaruhusu maji yarudi kutoka kwa chupa. Zile za Toyota na Nissan utaona imeandikwa 0.9 ama 1.1 juu, hiyo ndiyo presha inayoshikilia. Hiyo 0.9 kwa huku Nakuru inainua kiwango cha kuchemka hadi kama digrii 115. Raba yake ikikauka, faida hiyo yote imeenda na gari itachemka ikiwa na rejeta mpya kabisa.

Kupima: gari ikiwa baridi toa kepu uangalie raba, kama imepasuka ama imekuwa ngumu, badilisha kwa namba ile ile iliyoandikwa, usiweke kubwa ukidhani unasaidia, utapasua hozi. Alafu angalia hozi ya juu asubuhi. Kama imefyonzwa ikawa bapa, ile valvu ya kurudisha maji imekwama. Pitia viungo vyote ukitafuta alama nyeupe, kijani ama za kutu, hizo ni maji yaliyovuja yakakaukia hapo. Na ndani ya gari, kapeti ya upande wa abiria ikiwa na unyevu na harufu tamu tamu, ni hita inavuja. Gereji iliyo na vifaa iko na kipampu cha kupima presha, wanakifunga mahali pa kepu, wanapiga hadi namba ya kepu na wanangoja. Sindano ya kipampu ikishuka, kuna mahali inatoka.

Ukikosea: umepoteza bei ya kepu, ambayo ni kidogo kuliko kitu kingine chochote kwa hii orodha.

Nani aanzie hapa: kila mtu. Sijaona sababu ya mtu kuruka hii hatua, hata kama ana uhakika ni gasketi.

Thamostati

Lini: ikikwama imefungwa, gari inachemka haraka, dakika chache tu baada ya kutoka nyumbani, na unakuta injini inaungua huku rejeta ikiwa baridi chini. Ikifunguka nusu, gari inaenda vizuri mjini na kuchemka mlimani. Ikikwama wazi haichemshi, lakini inachelewa kupata joto, inakula mafuta na asubuhi ya Molo hita inapuliza baridi.

Kupima ni rahisi na napenda sana hii ya sufuria. Itoe, safisha, ifunge na uzi uininginize ndani ya sufuria ya maji ikielea, isiguse chini, na utumbukize kipimajoto. Joto yake ya kuanza kufunguka imegongwa pale kwa chuma, Toyota nyingi ni 82. Washa jiko uangalie. Ikifika karibu hapo, utaona kile kisahani kinaanza kuinuka taratibu, kaupenyo kadogo kwanza, alafu kinazidi kufunguka kadiri maji yanavyopata moto. Toyota hutaka iwe imeinuka milimita 8 ama zaidi ikifika digrii 95, na kwa sababu Nakuru maji yanachemkia 94, usingoje zaidi ya hapo, ikikaribia hizo milimita 8 maji yakitokota iko sawa. Epua, iache ipoe, na uhakikishe inafunga yote. Isipofunguka, ama ikifunguka kwa 92 badala ya 82, umepata mshukiwa wako. Ukiirudisha weka gasketi mpya na kile kivalvu kidogo cha kupitisha hewa kikae juu, la sivyo hewa itanaswa na utaanza kutafuta ugonjwa ambao umeuleta mwenyewe.

Sasa hii ya kuitoa kabisa na kuitupa. Najua ni kawaida huku, na najua gari nyingi zinatembea hivyo, lakini kwa injini nyingi za Kijapani ni kosa la kiufundi na nitasema kwa nini. Thamostati hizo ziko na kisahani cha pili chini ambacho kazi yake ni kufunga njia ya mkato. Injini ikiwa baridi maji yanazunguka kupitia hiyo njia bila kwenda kwa rejeta. Ikipata joto, kisahani cha juu kinafungua rejeta na cha chini kinaziba mkato. Ukiitoa, mkato unabaki wazi siku zote, kwa hivyo sehemu ya maji moto inarudi kwa injini bila kupoa hata kidogo. Kwa tambarare hutaona. Kwa mlima wa Londiani na watu watano ndani, utaona. Yaani ulitoa kitu ili gari isichemke, na sasa inachemka kwa sababu ulikitoa.

Ukikosea: pesa kidogo, na saa moja hivi ya kazi kwa gari nyingi. Nunua ya ubora, za bei ya chini kabisa zingine hazifunguki hata zikiwa mpya, kwa hivyo pima hata mpya kwa sufuria kabla ya kufunga.

Nani aanzie hapa: mwenye gari inayochemka haraka bila kupoteza maji, na yeyote aliyenunua gari mkononi na hajui ndani kuna nini.

Feni

Lini: ukisimama. Jam, foleni ya petroli, kungoja mtu nje ya Kibuye soko ikiwa imejaa. Ukianza kutembea sindano inashuka yenyewe. Hii ni dalili safi kabisa na ukiiona usiruhusu mtu akuuzie rejeta.

Kupima feni ya umeme: washa AC, feni inafaa kuzunguka. Kama gari haina AC, iache inguruma hadi ipate joto, feni inafaa kuwaka ikifika digrii 90 na kitu. Isipowaka anza na fyuzi na rilei (ile swichi ndogo ya umeme kwa boksi la fyuzi), unaeza kubadilishana rilei na nyingine ya aina hiyo hiyo kwa boksi uone. Kwa Toyota nyingi za miaka ya 90, ukichomoa waya wa switi ya joto funguo ikiwa on, feni inawaka yenyewe. Ikiwaka, mota ni nzima na shida iko kwa switi. Weka mikono mbali wakati huo, feni haikuulizi.

Alafu kuna hii ambayo wengi hawaifikirii: mota ikibadilishwa, waya zinaeza kugeuzwa na feni ikazunguka kinyume. Unaiona inazunguka, unasema feni iko sawa, kumbe inapuliza mbele badala ya kuvuta, na ukitembea inapigana na upepo. Shika karatasi mbele ya rejeta. Ikivutwa na kushikwa hapo, sawa. Ikisukumwa, geuza waya.

Feni ya klachi, ile ya Hilux, Hiace na gari nyingi za injini ndefu, zima injini ikiwa moto na uizungushe kwa mkono. Inafaa kukataa kidogo. Ikizunguka huru kabisa, ama ukiona oili imerukia pale katikati, klachi imekwisha. Fundi wengine huipiga welding iwe inashika moja kwa moja, itapoza ndiyo, lakini itakula nguvu na mafuta siku zote na ukivuta injini kwa nguvu mapanga yanaeza kuvunjika.

Na kava ya feni, ile plastiki ya kuzunguka. Hutolewa siku ya kubadilisha belti na haikumbukwi tena. Bila hiyo, feni inavuta hewa ya pembeni yenye joto na katikati tu ya rejeta ndio inapoa.

Ukikosea: ukibadilisha mota kabla ya kupima fyuzi na switi, umetupa pesa ya kati. Anzia hapa kama wewe ni wa teksi ama deliveri za mjini.

Rejeta

Lini: mlimani, mwendo wa kasi, mzigo mkubwa. Mjini inaeza kukaa sawa kabisa. Inazidi polepole, mwaka huu inachemka Mau Summit, mwaka ujao inachemka Ngata.

Anza nje kabla ya ndani, na hapa watu wa Kisumu na pwani yote ya ziwa wanielewe vizuri. Wale wadudu wa ziwani, sami, wakitoka kwa mawingu yao jioni na ukapita katikati yao na gari, hawabaki kwa kioo peke yake. Wanaingia kwa matundu ya kondensa ya AC, ile kama rejeta nyembamba iliyo mbele ya rejeta, wanakufa, vumbi la maramu linawakalia juu, mvua inakandika, na baada ya miezi uko na zulia la kahawia kati ya kondensa na rejeta ambalo huwezi kuliona ukisimama mbele ya gari. Toa zile bolti za juu, sukuma rejeta nyuma kidogo na umulike na tochi katikati. Mwanga usipopita, usinunue kitu. Osha na maji ya kawaida kutoka upande wa injini kwenda nje, polepole. Presha ya kuoshea gari ukiielekeza hapo karibu itakunja zile finsi na utakuwa umeziba ulichokuwa unafungua.

Ndani sasa. Ondoa kepu gari ikiwa baridi na uangalie kwa tochi. Ukiona matope mekundu ama chokaa nyeupe kwa midomo ya matyubu, umeona jibu. Inatoka wapi? Kutoka kwa maji tunayoweka: ya borehole, ya mtaro, ya ziwa, ya dumu la yule kijana wa kando ya barabara. Maji magumu yakipata moto huacha chokaa, na maji matupu bila kulanti (ile dawa ya rangi ya kuchanganya na maji ya rejeta) hula chuma na aluminiamu. Watu husema kulanti ni ya theluji, na kweli kazi moja yake ni kuzuia barafu ambayo sisi hatuna, lakini nyingine ni kuzuia kutu na kuinua kiwango cha kuchemka, na hizo mbili tunazihitaji sana huku. Changanya na maji yaliyosafishwa, yale ya kuongeza kwa betri, si asidi. Ukikosa, afadhali ya mvua safi.

Kupima vizuri, fundi aliye na kile kipimajoto cha miale, kinachosoma joto bila kugusa, anapitisha kwa uso wa rejeta injini ikiwa moto. Joto linafaa kushuka taratibu kutoka upande maji yanaingia hadi upande yanatoka. Akipata kiraka cha baridi katikati ya moto, matyubu hapo yameziba.

Rejeta za zamani za shaba, kama za 504 ya kitambo, zinafunguliwa, zinapitishwa vyuma ndani na kuchomelewa tena, na zikifanywa vizuri zinarudi na maisha. Za aluminiamu na tangi za plastiki hazifunguki hivyo kirahisi, plastiki ikishachoka ni kununua. Na tafadhali usiweke dawa ya kuziba, wala manjano, wala yai. Itaziba tundu, na itaziba pia hita na zile njia nyembamba ndani ya injini.

Ukikosea: pesa nzuri imeenda, hasa kama uliweka rejeta mpya na ukarudisha kepu ya zamani na maji ya mtaro. Anzia hapa kama unaenda safari za milima kila wiki, kama gari imetumia maji matupu miaka mingi, ama unakaa karibu na ziwa na hujawahi kusafisha hapo katikati.

Pampu ya maji na belti

Lini: ukivuta injini, ama wakati wowote ikiwa imekufa kabisa. Dalili ni kelele ya beringi, unyevu chini ya kale katundu kadogo kwa shingo ya pampu, na hita kupuliza baridi huku injini inaungua.

Kupima: bonyeza belti katikati ya puli na kidole gumba, ikiingia zaidi ya sentimita moja hivi imelegea, na belti iliyolegea huteleza bila hata kupiga kelele. Shika puli utingishe, isiwe na mchezo. Kinachosumbua ni pampu ambayo nje iko safi lakini mapanga ya ndani yameliwa na kutu, hiyo inazunguka bila kusukuma kitu, na utaishuku tu baada ya kuondoa wengine.

Ukikosea: inategemea gari. Kwa zile pampu inazungushwa na belti ya nje ni kazi ya nusu siku. Kwa Subaru nyingi za zamani inazungushwa na timing belti, kwa hivyo leba ni kubwa, na hapo ni busara ubadilishe pampu ukifika muda wa timing belti, zote kwa mkupuo mmoja.

Hedi gasketi

Lini: wakati wowote, hata asubuhi na baridi. Maji yanapotea na huoni yanapotokea. Dakika moja baada ya kuwasha, hozi ya juu ishakuwa ngumu kabla hata injini haijapata joto. Povu linatoka kwa chupa bila kukoma, moshi mweupe wenye harufu tamu unabaki kwa ekzosi hata gari ikipata moto, oili inakuwa kama chai ya maziwa, ama gari inawaka asubuhi ikitetemeka kwa silinda moja alafu inatulia.

Lakini dalili moja peke yake haitoshi kukutoa pesa. Moshi mweupe asubuhi ya Timboroa ni mvuke tu wa baridi. Utando wa maziwa chini ya kifuniko cha oili unaeza kuwa ni gari inayotembea mwendo mfupi mfupi bila kupata joto, hasa ile imetolewa thamostati. Mapovu baada ya kubadilisha maji yanaeza kuwa hewa iliyonaswa.

Kwa hivyo dai kipimo. Kuna ile dawa ya buluu kwa kichupa inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta injini ikiwaka, inavuta hewa ya ndani, na ikiwa gesi ya petroli iliyoungua inaingia kwa maji inageuka njano. Ni ya bei nafuu na haifungui kitu. Pili ni kupima kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa, silinda mbili zilizokaribiana zikiwa chini pamoja ni habari mbaya. Fundi akikwambia gasketi imeenda bila hata kimoja cha hivyo, mwambie kwa heshima, fundi wangu tupime kwanza. Fundi mzuri hatakasirika.

Na ikiwa ni gasketi kweli, hedi lazima iende mashine shopu ipimwe kama imepinda. Toyota nyingi zinaruhusu mpindo wa 0.05 mm tu, kama nusu ya unene wa karatasi ya kuchapia. Macho hayaoni hiyo. Hedi ikirudishwa bila kupimwa, gasketi mpya itaenda tena. Pia uliza ni nini kilichemsha gari mwanzoni, maana mara nyingi gasketi ni majeruhi wa feni mbovu ama rejeta iliyoziba.

Ukikosea: hii ndio ghali kuliko zote, kwa hivyo usianzie hapa isipokuwa dalili ni mbili tatu pamoja.

Kabla ya kuamua, wale wa pembeni

Taiming iliyochelewa (cheche inawaka nyuma ya wakati), kabureta inayopeleka mafuta kidogo, breki zinazoshika na ekzosi iliyoziba, zote zinaongeza joto. Ukimaliza washukiwa wote wa juu na gari bado inapanda, peleka macho huko.

Uanzie wapi kulingana na hali yako

Inachemka kwa jam pekee: feni, rilei, switi, kava, na ile karatasi. Usifungue kitu kingine.

Inachemka mlimani pekee na maji hayapungui: safisha rejeta nje, angalia thamostati iko na inafunguka, belti, alafu ndani ya rejeta. Kwa mpangilio huo, kwa sababu unatoka kwa kazi ya bure kwenda kwa ya pesa.

Maji yanapungua: kepu na kipimo cha presha kwanza. Presha ikishuka na huoni tone popote, fanya kipimo cha dawa ya buluu siku hiyo hiyo na uache kuiendesha hadi ujue.

Gari ni ya biashara na kila siku ikilala ni hasara: usijipime mwenyewe wikendi tatu. Tafuta gereji iliyo na kipampu cha presha, kipimajoto cha miale na dawa ya gasketi, lipia uchunguzi peke yake, chukua majibu, alafu uamue nani atatengeneza. Fundi wako wa jua kali anaeza kufanya kazi nzuri sana akipewa jibu sahihi.

Pesa ni kidogo na gari ni ya kwenda shagz mara moja moja: kepu mpya, kulanti, kusafisha rejeta nje na sufuria ya thamostati, zote unazifanya nyumbani. Zifanye kabla ya Desemba, si siku ya kusafiri na watoto washaingia ndani.

Unanunua gari mkononi: mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Shika boneti, iwe baridi. Fungua kepu uangalie rangi ya maji, rudisha, washa, na uweke mkono chini ya rejeta. Inafaa kubaki baridi dakika kadhaa, alafu ipate moto thamostati ikifunguka. Ikianza kupata joto polepole tangu dakika ya kwanza, thamostati haiko ama imekwama wazi. Uliza ilitolewa lini na kwa nini, na ufanye kipimo cha dawa ya buluu kabla hamjazungumza bei.